Barua Iliyosomwa Hewani

Bariadi,
12 Januari 2025

Mdogo wangu Felisita,

Mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta mzima na baridi ya huko Karagwe haijakumaliza. Huku tunaendelea. Mama yuko Dutwa, mguu umepoa, anapalilia pamba tangu asubuhi kana kwamba ana miaka ishirini. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa ndama jike. Shangazi Milembe yupo, na bado hampi mama zaidi ya salamu. Hilo unalijua, halijaanza leo.

Sasa nikupe habari yangu. Kwa kuwa huko unovisi, kwenye malezi ya usista, hamruhusiwi simu wala redio, nadhani wewe ndiye mtu pekee wa Simiyu ambaye hajasikia kwamba kaka yako amekuwa mtangazaji.

Nyuma ya kibanda changu cha kutengeneza simu, pale karibu na stendi, kulikuwa na kastoo. Mimi na Danford tumekabandika trei za mayai ukutani, na mablanketi mlangoni ili bodaboda zisisikike. Danford ni fundi umeme aliyekuwa kinu cha pamba. Mezani kuna kompyuta, mikseta ndogo ya kuchanganya sauti, maiki mbili na hedifoni. Sauti inatoka kwenye maiki, inapita kwenye mikseta, inaingia kwenye kompyuta, kisha inapanda mtandaoni. Mtu yeyote mwenye simu na bando anatusikia saa hiyohiyo, awe Maswa au Dar. Kuna dereva wa lori anatusikiliza akiwa Zambia! Na hasikilizi tu, anapiga simu, namwingiza hewani, na wote wanamsikia.

Hizo simu ndizo zilizotutesa wiki tatu. Kila mpigaji alikuwa anasikia sauti yake ikimrudia, na sisi tunasikia mlio kama mbuzi anachinjwa. Mpaka Danford akagundua kwamba mpigaji arudishiwe sauti zote isipokuwa yake mwenyewe. Siku ilipokubali tulikumbatiana kama watoto.

Jambo moja tumeshindwa, sauti inachelewa. Ninalosema sasa hivi linawafikia wasikilizaji baada ya nusu dakika hivi. Nikiuliza swali, nakaa nusu dakika nikitazama simu kabla mtu wa kwanza hajalisikia. Hujui kimya kinavyotisha ukiwa hewani.

Kipindi tumekiita Mwadila, salamu yetu ya jioni, kwa sababu kinaanza saa kumi na mbili jioni, Jumatano na Jumamosi. Mama anakisikiliza kwenye simu ya Nyanda, jirani. Nyanda ananiambia mama akisikia nikikohoa husema, "Hajavaa sweta huyo."

Niandikie, Felisita. Usiniandikie yale ya picha takatifu na salamu za masista. Niandikie ya kwako. Baba alipofariki mimi nilikuwa Mwanza, na tangu siku ile mimi na wewe hatujawahi kuongea kitu cha ndani. Ulibeba mambo mengi peke yako, nami niliona ni rahisi kukuachia.

Kaka yako,
Paschal


Nyumba ya Unovisi, Karagwe,
9 Februari 2025

Kaka Paschal,

Wabeja kwa barua. Niliisoma mara tatu, ya tatu nikiwa bustanini, nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu akadhani nimeumwa na siafu. Sisi wanovisi wanane tuko wazima. Tumepanda maharage chini ya migomba. Nimejifunza kushona mavazi ya altare, ingawa pindo zangu Sista Specioza huzifumua na kunirudishia. Yeye ndiye mlezi wetu. Ni mkali, lakini barua zetu hafungui. Anasema mlango wa barua si wake.

Nadhiri zangu za kwanza zimepangwa tarehe 15 Agosti. Wenzangu wanahesabu siku kwa furaha. Mimi nazihesabu kama mtu anayesubiri kuitwa mahakamani.

Umeniambia nikuandikie ya kwangu. Nimelikalia hili neno wiki mbili. Paschal, nitakuambia kitu ambacho hata kwenye kitubio nimekisema kwa kuzungukazunguka. Usimwambie mama. Usimwambie mtu yeyote.

Siku baba alipofariki, mama alikuwa amekwenda Bariadi kufuata dawa. Aliniambia, "Usitoke. Hata kama nyumba inaungua, usimwache peke yake." Baba alikuwa na miezi mitano kitandani tangu kiharusi, unakumbuka, upande wa kulia wote haufanyi kazi. Saa nane alilala. Nikasikia kengele ya kwaya. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya Jumapili ya Matawi, na mimi ndiye niliyepewa kuanzisha wimbo. Nikasema nakwenda dakika chache. Nilirudi saa kumi na moja.

Nilimkuta sakafuni, kati ya kitanda na ukuta. Ameangukia bega. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika chandarua na chandarua kilikuwa kimechanika. Alikuwa ameshapoa. Sijui aliita mara ngapi.

Nilimnyanyua. Sijui nilipata wapi nguvu. Nikamrudisha kitandani, nikamfuta vumbi, nikamfunika shuka la njano, chandarua nikakificha. Mama alipoingia nilimwambia, "Amelala tu mama, hajaamka." Akanishika kichwa akaniambia, "Wabeja mwanangu, hukumwacha."

Mwaka uliofuata niliomba kuja huku. Watu wote walisema nimeitwa. Mimi mpaka leo sijui kama niliitwa au nilikimbia. Ndiyo maana nazihesabu siku hivyo.

Hapo sasa. Umelipata la ndani. Libaki kwako.

Mdogo wako,
Felisita


Bariadi,
2 Machi 2025

Mdogo wangu,

Nimeipata barua yako jana, nikafunga kibanda saa sita mchana. Wote tu wazima.

Ulikuwa na miaka ishirini na moja. Sisi wakubwa tulikuachia mgonjwa peke yako miezi mitano. Kama kuna mtu alimwacha baba, wa kwanza ni mimi niliyekuwa Mwanza nikisema nitakuja mwezi ujao. Usikimbie kwa sababu ya jambo hilo, na usiweke nadhiri kwa sababu yake.

Barua nimeiweka kwenye droo ninapoweka vyeti vyangu. Imebaki kwangu.

Paschal


Karagwe,
6 Aprili 2025

Kaka yangu mpendwa,

Mwadila. Hapa tuko salama, mvua inanyesha usiku na mchana, nguo hazikauki. Maharage tumeanza kula mabichi.

Siku ile barua yako ilipofika nilikwenda kanisani nikakaa tu. Sikusali. Halafu nikalala usingizi ambao sikuwahi kulala tangu nifike. Sikujua kumbe mtu akijua pamoja nawe, kitu kinapungua uzito hivyo. Nimeanza hata kufikiri kwamba siku moja nitamwambia mama mwenyewe, ana kwa ana, kabla ya Agosti nikipewa ruhusa. Nataka asikie kutoka kwangu. Nataka niwe nimemshika mkono.

Mama hajanijibu barua yangu ya Kwaresima, ingawa Nyanda humwandikia majibu. Mguu umerudi tena? Mwambie mimi namsalimu sana. Na wewe, kipindi kinaendeleaje? Dereva wa Zambia bado yupo?

Wako,
Felisita


Bariadi,
8 Juni 2025

Felisita mdogo wangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya miezi miwili. Mambo yalikuwa mengi. Huku pamba inavunwa, malori yameziba barabara, vumbi limejaa mpaka ndani ya kompyuta. Ndama anaendelea vizuri. Mama yuko salama, ana kazi nyingi shambani, ndiyo maana hajaandika.

Mwadila imekua. Jumatano iliyopita tulikuwa na wasikilizaji elfu moja na mia mbili kwa wakati mmoja.

Kuna jambo dogo nikuambie kabla hujalisikia kwa njia nyingine. Mwezi wa nne kulikuwa na mada ya watu kutoa siri zinazowasumbua, bila majina. Danford alikuwa anatafuta karatasi kwenye droo, akakuta barua, akadhani ni ya msikilizaji, akasoma kidogo. Nilimzuia mara moja. Hakuna jina lililotajwa na hakuna aliyejua. Nimemkaripia sana. Nakuambia tu ili usije ukashtuka.

Soma vizuri, jiandae na nadhiri zako. Tutakuja tarehe 15, mimi na mama, Mungu akipenda.

Paschal


Karagwe,
15 Juni 2025

Paschal,

Sisi hapa hatujambo.

Barua yako ilinikuta nimeshasikia. Alhamisi Sista Specioza aliniita ofisini. Alikuwa na simu yake mezani. Aliniambia, "Felisita, dada yangu wa Maswa alinitumia kitu hiki. Kimezunguka kwenye makundi ya simu ya Simiyu. Nimekisikiliza dakika mbili nikasimama, kwa sababu nilidhani ninamjua anayesemwa. Nikiendelea nitakuwa nimefungua barua yako. Kaa usikilize wewe." Akatoka, akafunga mlango.

Nilisikiliza dakika kumi na moja zote.

Danford simfahamu. Wewe nakufahamu. Anayesoma ni wewe. Unasoma taratibu, na ulipofika kwenye neno sakafuni ulinyamaza kidogo, kama unavyofanya ukisimulia kitu na unataka watu wakusogelee. Hukuzuia mtu. Ulisoma mpaka shuka la njano. Ulisoma mpaka "wabeja mwanangu, hukumwacha". Neno moja tu ulilibadilisha, kwaya ya kanisa ukaita kikundi cha ngoma, kana kwamba hilo lingetuficha.

Halafu ukasema, "Mnasemaje wapenzi wasikilizaji? Simu ziko wazi."

Mwanaume mmoja wa Maswa alisema, "Huyo ni muuaji tu, aseme anakaa wapi." Mama mmoja akasema nisamehewe, nilikuwa mtoto. Kijana mmoja akacheka, akasema ningeimba huo wimbo msibani. Nawe ukacheka. Umecheka, Paschal. Kwa sauti ndogo, lakini nimerudia mara mbili kuhakikisha.

Mpigaji wa nne akasema, "Mwadila." Nilijua kabla hajamaliza neno.

Ukamwambia, "Mwadila mama, punguza sauti ya simu unayosikilizia." Akasema, "Si yangu, ni ya Nyanda." Halafu akauliza polepole, kama mtu anayeuliza njia, "Mimi naitwa Nyanjige, niko Dutwa. Naomba kuuliza. Huyo binti anaposema alimrudisha kitandani peke yake, alimbebaje? Maana marehemu alikuwa mtu mzito."

Baada ya hapo unaingia muziki.

Nina swali moja tu kwako. Mama alijibiwa nini?

Felisita


Bariadi,
6 Julai 2025

Felisita,

Sina salamu za kuweka hapa mwanzoni. Nimeandika barua hii mara nyingi nikachana.

Mama hakujibiwa. Nilimkata.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Jumamosi ile nilikuwa peke yangu, Danford alikuwa Shishiyu kwenye msiba wa mjomba wake Maduhu. Kwa hiyo hata hapo nilimsingizia mtu ambaye hakuwepo. Wasikilizaji walikuwa wamepungua mwezi mzima, kwenye kioo niliona thelathini na nane. Nilitangaza mada ya siri. Nikangoja nusu dakika, ikapita. Nikangoja nyingine. Hakuna simu. Nikajibu salamu za uongo, nikasema laini zimejaa, na laini zote zilikuwa kimya. Nikafungua droo.

Nilijiambia nitabadilisha mambo. Nitamfanya baba kuwa babu, Dutwa nitaiita Meatu. Lakini nilipoanza kusoma maneno yako yalikuwa mazuri kuliko yangu yoyote, na nikaona ile namba inapanda. Mia, mia tatu. Nikaacha kubadilisha. Nilipomaliza, taa za simu zikawaka zote kwa pamoja. Nilifurahi, Felisita. Sitaki kukudanganya tena. Nilifurahi.

Sauti ya mama niliitambua kwenye neno la kwanza, kama wewe. Kumwambia apunguze simu lilikuwa neno la mazoea, namwambia kila mpigaji, na kila mwanamke wa rika lake namwita mama. Lilinitoka kabla sijapata la kusema. Alipouliza swali lake nilibonyeza kitufe nikaweka muziki. Mama alibaki na simu sikioni, hajui kama amekatika au anangojewa.

Lakini kuna jambo baya zaidi ya hilo, na hakuna mtu anayelijua. Nilikuambia sauti yetu inachelewa. Nilipomkata mama, swali lake lilikuwa bado halijawafikia watu. Lilikuwa njiani. Nilikuwa na nusu dakika nzima. Ningechomoa waya wa mtandao, wangesikia kukatika tu, na jina lake na Dutwa visingetoka. Nilikaa nimeshika ule waya. Kwenye kioo walikuwa mia tisa na sita. Nikaona wasije wakaondoka. Sikuchomoa. Nikasikia kwenye simu ndogo ya kupimia sauti, mama anasema, "Mwadila," na safari hii alikuwa anawaambia watu wote.

Mama sijakwenda kumwona. Nusu saa kwa basi, na sijakwenda. Nimempigia Nyanda mara nne, anasema mama yuko shambani. Mara ya mwisho nilimsikia mama mwenyewe pale nyuma akimwambia, "Mwambie niko shambani."

Sijui nikuombe nini.

Paschal


Karagwe,
3 Agosti 2025

Paschal,

Nimerudi juzi kutoka nyumbani. Sista Specioza alinipa siku tano. Nilipita Bariadi. Basi lilikaa stendi kama dakika ishirini, na kibanda chako kilikuwa wazi. Ulikuwa umeinamia simu ya mtu, mgongo kwangu. Shati lako la bluu limechanika begani. Nilikutazama mpaka konda alipoita abiria wa Dutwa, nikapanda.

Nakuandikia yaliyotokea kwa sababu wewe ni mtoto wa baba kama mimi, na una haki ya kuyajua. Sikuandikii kwa sababu nyingine.

Mama alikuwa anavuna pamba. Nilimsalimu, akaniitikia, akanisogezea gunia. Tulivuna mpaka jua lilipopinda. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Biharamulo, kila nikifungua mdomo anasema, "Hilo tumba umeliacha." Siku ya pili vilevile. Nilidhani atanirudisha huku hajaniuliza.

Siku ya tatu mchana alikuwa amebandika maharage. Akaniita chumbani kwa baba. Kitanda kipo palepale. Akalala sakafuni, Paschal, kati ya kitanda na ukuta, akaegemea bega. Akanyoosha mkono wa kushoto. Akasema, "Alikuwa hivi?"

Nikasema, "Mkono ulikuwa juu kidogo, mama."

Akaupandisha. "Hivi?"

"Hivyo."

"Haya nibebe."

Nilimwambia mama inuka, nakuomba. Akasema, "Niliuliza, nikakatwa. Sasa nionyeshe. Nibebe."

Nikapiga goti, nikampitisha mikono kwapani, nikamvutia kifuani. Ni mwepesi. Baba alikuwa mzito mara mbili yake, lakini mama nilishindwa kumnyanyua mara ya kwanza. Mara ya pili nikampandisha kitandani. Akakaa hapo ananitazama. Akauliza, "Na kichwa chake ulikishikaje?" Nikamwambia kilikuwa begani kwangu. Akafumba macho kidogo.

Halafu akaniambia kitu ambacho wewe na mimi hatukukijua. Wanaume waliomwosha baba waliona alama nyeusi begani, wakamwambia Shangazi Milembe. Shangazi akasema mama alimchoka mgonjwa, akamtupa. Hakusema kwa sauti, lakini alisema kwa kila mtu wa ukoo. Miaka sita mama amebeba hilo. Alikuwa hana la kujibu, kwa sababu mimi nilimwambia amelala tu hajaamka, naye aliniamini. Mpaka akaanza kujiuliza kama ni yeye alimgonga bega asubuhi ile akimgeuza.

Sikuwa nalijua, Paschal. Nilidhani uongo wangu ulikuwa unanila mimi tu.

Nikalia. Mama hakulia. Alisema, "Mimi nimekaa na mwanangu miaka, akanificha. Nikakaa na mwanangu mwingine, akanitangaza. Nimezaa watoto gani?" Akashuka kitandani, akajikung'uta vumbi, akasema maharage yanaungua.

Jioni akaniambia nivae viatu. Tukaenda kwa Shangazi Milembe, yeye mbele mimi nyuma. Akasimama mlangoni, akasema, "Felisita ana neno, na atalisema mwenyewe." Nikalisema lote nikiwa nimepiga magoti. Shangazi akawa anageuza pete yake kidoleni. Akasema, "Miaka sita, Nyanjige." Mama akajibu, "Sita." Asubuhi nilipoamka Shangazi alikuwa ameshafika uani kwetu, amekaa kwenye kigoda, anabangua karanga za mama. Wala hawakuwa wanaongea. Lakini alikuwepo.

Nimemwomba Sista Specioza nadhiri zangu zisubiri mwaka mmoja. Amekubali. Tarehe 15 nitawashonea wenzangu mashada. Msije.

Sasa kuhusu wewe. Nilimuuliza mama, nimwambie nini Paschal? Akasema, "Aje akae hapa, nimuulize lile swali mpaka mwisho, asinikate." Huo ni ujumbe wake, nimekufikishia. Wangu ni huu: mama anaweza kukusamehe, yeye ni mama. Mimi bado. Ulikuwa mtu mmoja duniani niliyempa kitu kile, na kilipungua uzito kwa miezi michache kwa sababu nilijua kiko kwako. Ile nafuu umenichukulia. Nami nilimchukulia mama miaka sita, kwa hiyo sina kiti cha juu cha kukuhukumia. Lakini kuumia naumia.

Barua ile ya Februari usinirudishie. Mpelekee mama, akitaka kuichoma aichome.

Felisita


Bariadi,
24 Agosti 2025

Felisita,

Nimekwenda. Mama aliniuliza, nikamsikiliza mpaka mwisho. Ilimchukua mchana wote. Alipomaliza alinipa chakula, hakukaa kula nami. Barua nimemwachia, ameikunja akaiweka kwenye kanga, hakuichoma mbele yangu.

Nilisema hewani kwamba yule aliyesoma barua ni mimi, ilikuwa ya ndugu yangu na sikuruhusiwa. Wapigaji walikuwa wengi. Nikazima mtambo bila kupokea hata mmoja. Danford ameniambia atatafuta mtu mwingine wa kufanya naye kazi, na sikumbishia. Vyombo nimemwachia.

Niko kwenye simu zangu mbovu. Nakuomba kitu kimoja, uniandikie. Chochote, kama zamani.

Kaka yako,
Paschal


Karagwe,
9 Novemba 2025

Kaka Paschal,

Mwangaluka. Natumaini uko mzima. Sisi hapa hatujambo sote.

Mvua za vuli zimeanza vizuri. Tumepanda maharage eneo la bondeni, na mwaka huu tumeongeza viazi. Wanovisi wapya wamefika watano, mmoja anatoka Maswa. Padre aliumwa malaria lakini amepona. Sista Specioza anakusalimu. Paa la jiko lilivuja, limetengenezwa.

Nasikia huko kwenu mvua bado. Mungu atajalia.

Kwa upande wangu habari zimekwisha. Barua hii hata ukimsomea mtu, hakuna tatizo.

Felisita